Mteja Yuko Mlangoni, Mpangaji Hana Habari

Wadogo zangu, leo nazungumza na nyie mnaouza nyumba huku wapangaji wamo ndani. Sikukuu zikikaribia, magari ya watoto wa Usambara waliohamia Dar es Salaam na Tanga hupanda mlima kutoka Mombo, yakapita Soni, yakaingia Lushoto, na ndani yake hakosekani mtu aliyechoshwa na joto la pwani anayetafuta nyumba ya kununua. Hao ndio wateja wenu. Lakini nyumba nyingi wanazopelekwa kuziona, iwe mjini, Magamba au kule Mlalo, haziko tupu. Humo anaishi mwalimu, au muuguzi na wanawe, au wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama waliochangia chumba na sebule. Hapo ndipo vituko vinapoanza.

Wimbo wenu naujua: "Dada, mpangaji kaniharibia biashara." Mara nyingi, mdogo wangu, mpangaji hakuharibu kitu. Aliambiwa mwisho, baada ya dalali, baada ya jirani, pengine baada ya mteja mwenyewe. Mtu kagongewa mlango asubuhi na mapema, mswaki uko mdomoni, kufungua anakuta watu wanne wasiomjua wananyoosha shingo kuitazama dari yake. Ulitaka aseme nini? Karibuni chai?

Hebu tuvitazame vituko vyenyewe, maana vingine ni vya huku kwetu milimani tu.

Cha kwanza ni nguo. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai ukungu unaweza kutulia hadi mchana. Nguo zilizofuliwa Jumatatu, Jumatano bado zina unyevu. Kwa hiyo watu wanaanika ndani. Kamba inafungwa kwenye msumari wa juu ya mlango, inakatiza sebule nzima hadi kwenye nondo ya dirisha, na juu yake imejaa familia yote: sare za shule, soksi, kanga, na vile vya ndani ambavyo havitajwi. Sasa mteja wako, mzee mstaafu mwenye balaghashia yake, anaingia. Anainama kuikwepa sidiria, akiinuka anakutana na nepi usoni. Mama wa watu anatamani ardhi ipasuke. Dalali ghafla ana ujumbe wa kusoma kwenye simu. Mzee akishatoka humo hakumbuki sebule ilikuwa pana au finyu, anakumbuka aibu tu. Taarifa ya siku mbili ingetosha kabisa kuishusha kamba ile.

Cha pili ni kabati. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwenye mteremko uliochongwa, ukuta wa nyuma umeegemea mlima. Masika ikichachamaa, ukuta ule unakunywa maji, plasta inavimba, kuvu jeusi linapanda kutoka chini. Mpangaji alikwambia mwaka juzi, ukasema utaleta fundi. Fundi hakuja, naye akasogeza kabati akaziba. Siku ya mteja wewe unasifia nyumba imara, mtoto wa miaka mitano anadakia: "Mama kasema kabati lisiguswe, nyuma kumeoza!" Usimfinye mtoto. Mficha uchi hazai. Kabla hujatangaza nyumba, lipa kibarua achimbe mfereji nyuma ya ukuta, plasta mbovu ibanduliwe, ukuta ukauke, upigwe plasta mpya. Kama huna hela ya matengenezo, liseme tatizo mwenyewe na bei ilizingatie. Mteja anayeambiwa ukweli na mwenye mali anapunguza bei. Akiambiwa na mtoto, anaondoka.

Hapo hapo niseme la jiko. Ukimwona mpangaji wako ana jiko la mkaa chumbani na dari imeingia weusi, usiishie kulalamikia rangi. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu usingizini, na haina harufu ya kuwaamsha. Mwambie kama ndugu yake: jiko litoke nje kabla ya kulala, baridi iwe kali namna gani. Hilo halihusiani na mauzo.

Cha tatu ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Basi mteja anauliza, "Kodi ya jengo inalipwa?" Wewe unajibu kwa kifua mbele, "Nalipa, sijawahi kudaiwa." Sauti inatoka jikoni: "Nalipa mimi, baba, na sijarudishiwa hata mia." Mteja hakukasirika kwa sababu ya 18,000. Amejifunza tu kwamba unaweza kumtazama machoni ukasema kisichokuwa. Sasa anajiuliza kuhusu mipaka ya kiwanja, na kuhusu ile hati uliyosema iko kwa wakili. Kaa na mpangaji mpige hesabu, umpunguzie kwenye kodi ya nyumba, mmalizane kabla mgeni hajaja.

Cha nne ni lugha. Wewe na dalali mnaingia na mteja aliyevaa suti, gari lake la mjini, Kiswahili chake cha Kariakoo. Mnajiona mko salama, mnaanza kunong'ona Kisambaa kwamba huyu ana hela, bei ipandishwe. Kumbe mama yake ni wa Mtae, na kila likizo alikuwa analetwa kwa bibi. Anawajibu kwa Kisambaa kilichonyooka kuliko chenu. Mpangaji anacheka hadi machozi, na atakuwa na hadithi ya kusimulia gulioni. Bei isemwe moja, kwa lugha ambayo kila aliyepo anaielewa.

Cha tano ni kizito, na hapa punguzeni kicheko. Mpangaji anauliza mbele ya mteja, bila hila yoyote: "Na mama mwenye nyumba ameshajua?" Kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama nyumba ni ya marehemu baba, mpangaji ndiye anayewajua ndugu zako wote, maana kila mmoja alishawahi kuja kudai kodi. Huku kwetu tena mashamba ni ya ukoo, na nyuma ya migomba pengine amelala babu. Mteja akiona kaburi halafu akasikia jina la shangazi ambaye hukumtaja, amemaliza kununua. Ukitembea Dar es Salaam unaona kuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu, "Nyumba hii haiuzwi." Watu hawakuyaandika maneno hayo kwa kupenda mapambo, walitapeliwa au walinusurika. Mteja wa leo anazijua kuta zile. Kaeni kikao cha familia kwanza, msimamizi wa mirathi apatikane kwa njia ya mahakama, na ridhaa iandikwe. Kwa ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji nayo ina kauli yake. Mauzo yenyewe yawe kwa maandishi, ndivyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyotaka.

Sheria hiyo hiyo inampa mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake haki ya kukaa kwa utulivu bila kusumbuliwa na mwenye nyumba. Na Katiba, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Nawakumbusha kwamba Lushoto ndio mji wenye chuo cha mahakama. Ukimvamia mpangaji, usishangae akakusomea vifungu mlangoni kwa utulivu, huku mteja anaandika pembeni.

Kuna kituko kimoja kimeingia na hizi simu. Dalali anapita chumba kwa chumba anapiga picha. Jioni mwalimu wa watu anatumiwa na wanafunzi wake picha ya kitanda chake, chandarua chake, na dawa zake juu ya meza, imezagaa kwenye makundi ya WhatsApp na maneno "Nyumba kali, bei poa". Hilo si jambo la kuombea radhi kwa soda. Picha za ndani zipigwe kwa ruhusa yake, baada ya kupanga vitu, na mtoto na picha za familia visionekane.

Haya, tufanyeje? Nawapa utaratibu.

Mpangaji awe wa kwanza kujua baada ya familia. Nenda mwenyewe, usitume dalali, usitume ujumbe wa simu. Kaa kwenye kiti chake, mwambie: "Nimeamua kuuza. Mkataba wako unaisha lini? Umelipa hadi mwezi gani?" Wengi huku wanalipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na hofu yake ya kwanza ni hela hiyo. Mjibu palepale. Ama atamaliza muda wake kwa mnunuzi mpya, ama utamrudishia iliyobaki kwa makubaliano. Liandikeni, mweke sahihi wote wawili, na nakala moja abaki nayo.

Kisha mpatane siku. Jumamosi mchana, kwa mfano, kwa muda wa saa mbili tu, na taarifa itolewe siku mbili kabla. Wageni wasizidi watatu kwa mara moja. Hodi ipigwe na jibu lingojewe. Chumba cha kulala kifunguliwe na yeye mwenyewe. Kama ana mgonjwa, mzazi mpya au msiba, siku hiyo imeahirishwa bila maswali.

Halafu mpe chochote. Ndiyo, hela! Anasafisha, anashinda nyumbani, anapisha wageni, anajibu maswali kuhusu maji na majirani, kazi ambayo dalali anailipisha. Mpunguzie kodi mwezi mmoja, au mwahidi mkono wa asante nyumba ikiuzwa. Kama angependa kuinunua mwenyewe, msikilize kabla ya kumtangazia mtu wa mbali. Na siku ya mteja uwepo. Mwenye mali akiwepo, mpangaji halazimiki kujibu yasiyomhusu.

Nawe mpangaji, nisikudekeze sana. Nyumba ni ya mwenyewe na ana haki ya kuuza. Usimfungie mteja mlango siku mliyopatana, usizushe majini chumbani, usikate maji makusudi. Fungia simu, hela na vyeti vyako kabatini kabla wageni hawajaingia, maana si kila anayekuja kuona nyumba amekuja kuona nyumba. Risiti zako za kodi na za LUKU ziwe mahali pamoja. Ukiulizwa tatizo la nyumba, sema kweli, lakini usiseme usichokijua. Mkishindwana, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji kabla hamjafikishana mbali.

Nawe mnunuzi, wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayeishi ndani anajua bomba linatoa maji siku gani, jirani anafuga nguruwe au anapiga muziki, na masika maji yanapita wapi. Ongea naye kwa adabu, pasipo dalali katikati. Muulize amelipa hadi lini, utazame mkataba wake, kwa sababu ukinunua nyumba unanunua na mkataba uliomo. Ukipenda boga, penda na ua lake. Kama unataka kuhamia mara moja, hilo liwe sharti la mauzo kwa maandishi, na muuzaji ndiye abebe mzigo wa kumalizana na mpangaji. Usije ukafika na lori la vyombo, ukakuta chungu kiko jikoni.

Mwenye nyumba, nakurudia wewe maana ndiwe mwenye ufunguo wa haya yote. Yule unayemwona kikwazo amekulindia mali kwa miaka, amefagia uwanja wako, amelipa kodi iliyokusomeshea watoto. Akiwa upande wako, atamwambia mteja kwamba hapa nimeishi kwa amani, na neno hilo hakuna dalali anayeweza kulitengeneza. Kwa hiyo kama kibao cha "Inauzwa" kiko tayari, kiweke chini kwanza. Leo jioni kapige hodi kwa mpangaji wako, umwambie kwa mdomo wako.