Papasa Mtoki, Okoa Ndama: Dalili ya Kwanza ya Ndigana Kali

Ndugu mfugaji, ukichomwa na mwiba mguuni na kidonda kikatunga usaha, uvimbe hujitokeza kinenani. Huo ni mtoki. Ng'ombe naye ana mitoki, na ukijua kuipapasa unaweza kumwokoa ndama wako.

Kazi ya mitoki
Damu inapozunguka, majimaji kidogo huvuja kutoka kwenye mishipa midogo na kubaki katika nyama. Mishipa mingine myembamba, iitwayo mishipa ya limfu, huyakusanya na kuyarudisha kwenye damu karibu na moyo. Mnyama anapotembea, misuli husaidia kuyasukuma. Njiani majimaji hayo huchujwa na mitoki, ambamo chembe nyeupe, askari wa mwili, hupambana na vijidudu.

Kwa nini mtoki wa sikio huvimba kwanza?
Kupe wa kahawia anayeeneza ndigana kali hupenda kukaa sikioni. Majimaji ya sikio hupita kwenye mtoki ulio chini ya sikio. Lakini kijidudu cha ndigana kali huingia ndani ya askari wenyewe na kuwafanya waongezeke ovyo. Mtoki huvimba, kisha ule wa mbele ya bega na mingine. Mwishowe mapafu hujaa maji.

Fanya hivi
1. Asubuhi kabla ya malisho, papasa chini ya masikio yote mawili na mbele ya mabega. Linganisha kulia na kushoto.
2. Mtoki ukivimba, pima joto kwenye njia ya haja kubwa. Likifika nyuzi 40 au zaidi, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.
3. Usichome sindano ya OTC ukangoja. Haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuonekana. Dawa yake ni buparvakwoni, nayo hufanya kazi vizuri mapema.
4. Usiuchome mtoki kwa chuma cha moto. Kijidudu kimeshasambaa mwilini, nawe unamwongezea ndama kidonda.
5. Ogesha mifugo kwa ratiba, na uliza kuhusu chanjo ya ndigana kali.

Nimeitwa kwenye maboma mengi ndama akiwa tayari anahema kwa shida na kutoa povu puani. Hapo mara nyingi hata dawa haimwokoi. Mtoki wake ulikuwa umevimba siku kadhaa kabla, ila hakuna aliyeupapasa. Anza kesho asubuhi.