Mafunzo Niliyopata Nikisafisha Meno ya Mbwa Asiyetaka

1. Chanjo kwanza. Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, kwa hiyo mbwa asiyechanjwa usimtie kidole mdomoni. Sisi wa Simiyu chanjo za mbwa hatuzishangai: mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na baadaye kampeni za kuchanja mbwa zikapita vijiji vinavyopakana na hifadhi. Mbwa wangu, Jeki, ana kadi yake. Hata hivyo, akikukwaruza kwa jino, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Na mbwa aliyeanza ghafla kudondosha mate na kushindwa kumeza, usimchungulie koo ukidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa; mwite mtaalamu wa mifugo.

2. Ukoga hausubiri. Ndani ya siku chache, madini ya kwenye mate huugandisha ukawa ugaga mgumu, wa manjano au kahawia, na hapo kitambaa hakifui dafu. Ndiyo maana nasugua kila jioni, hata kidogo.

3. Mswaki si lazima. Jeki akiuona alikuwa anaingia uvunguni. Nikahamia kitambaa safi cha pamba, nakizungushia kidoleni na kukichovya kwenye maji yaliyochemshiwa dagaa, bila chumvi wala kitunguu. Siku za mwanzo nilimwachia alambe tu. Baadaye nikawa nainua mdomo wa juu na kuushusha, basi. Kisha nikagusa chonge moja, nikampa kipande cha dagaa na kuondoka. Siri ni kuacha yeye akiwa bado anataka. Akigeuza shingo, akijilamba midomo bila chakula mbele yake, au mwili ukikakamaa, kazi ya leo imekwisha. Akiunguruma usimpige. Mbwa aliyechapwa kwa kuunguruma hujifunza kung'ata bila kutoa taarifa.

Mzee jirani yangu hapa Bariadi alisimama kututazama, akaniuliza kwa Kisukuma chake, "Ng'wanawane (mwanangu), na ng'ombe utawasugua lini?" Nikamwamkia kwanza. Jibu sikuwa nalo.

4. Usihangaike kumpanua taya. Mbwa mzima ana meno 42, lakini ugaga hupenda zaidi upande wa nje, hasa magego ya juu, karibu na mahali mate yanapotokea shavuni. Kidole kinapita kati ya shavu na meno huku mdomo umefungwa. Upande wa ndani ulimi wake unasaidia.

5. Dawa yetu ya meno si yake. Mbwa hajui kutema. Floraidi na povu vyote anameza. Zenye zailitoli (xylitol) ni hatari zaidi: kiungo hicho kitamu hushusha sukari ya damu ya mbwa na kinaweza kumuua. Maji matupu yanatosha, kwa kuwa kinachosafisha ni kule kusugua.

6. "Mfupa ndio mswaki wake," aliniambia yule mzee. Yuko sahihi nusu, maana kutafuna kunakwangua ukoga. Ila mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyochoma koo na utumbo, na mfupa mgumu wa mguu wa ng'ombe unaweza kuvunja gego kubwa la juu, lile analokatia nyama.

7. Pana mahali kitambaa kinakoma. Fizi zinazotoka damu, jino linalocheza, kula kwa upande mmoja, harufu inayokufukuza; au uvimbe chini ya jicho, ambao mara nyingi ni usaha kwenye mzizi wa gego hilohilo. Usikwangue kwa kisu wala msumari. Kuondoa ugaga vizuri, hadi chini ya fizi, kunahitaji dawa ya usingizi na daktari wa mifugo. Uliza ofisi ya mifugo ya kata daktari anapatikana lini, na umuulize mapema mbwa aache kula saa ngapi kabla ya kulazwa usingizi.