SOMO KWA MAKARANI: KOMPYUTA INAPOKATAA KUFUNGUA LEJA

Katika vyama vingi vya msingi na vyama vya akiba na mikopo, leja ya wanachama haimo tena katika kabati la ofisi. Imo ndani ya kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu zilizopangwa kwa majedwali, na ghala hilo mara nyingi limewekwa katika seva iliyo mbali na chama: pengine Arusha, pengine Dar es Salaam, pengine nje ya nchi kabisa. Karani wa Rhotia, wa Mang'ola au wa Endulen hufungua programu katika kompyuta yake, nayo programu husafiri kwa njia ya mtandao hadi ghalani, huchota hesabu ya mwanachama na kuirudisha. Mambo yakiwa shwari hakuna aifikiriaye safari hiyo. Kisha hufika siku, na aghalabu huwa siku ya malipo ya vitunguu au ya kahawa, ambapo kioo huandika kwamba muunganisho salama umeshindikana, na wanachama wamekwisha kujaa barazani.

Somo hili linahusu siku hiyo. Limekusudiwa makarani, lakini mameneja na wajumbe wa Bodi watafanya vema kulisoma pia, kwa sababu amri ya kutenda kosa kubwa kuliko yote katika siku ya namna hiyo huweza kutoka kwa mkubwa mwenye haraka, na karani akatii tu.

Hodi na majibu yake

Programu haiingii ghalani moja kwa moja. Hupiga hodi kwanza, kama mgeni afikapo kwenye boma la watu. Hatua ya kwanza ni njia yenyewe: je, kompyuta imeunganishwa na mtandao, na jina la seva linajulikana? Hatua ya pili ni mlango: seva husikiliza kwenye mlango wenye namba maalumu, ambao kwa kanzidata ya PostgreSQL kwa kawaida ni namba 5432 na kwa MySQL ni 3306. Hatua ya tatu ni kutambuana. Hapo seva hutoa cheti chake, programu hukikagua, na pande mbili hupatana juu ya funguo za siri za kuyasimba mazungumzo yote yatakayofuata, ili mtu aliye njiani asiambulie chochote cha maana. Ni baada ya hapo tu ndipo karani hutoa jina lake na nywila, na seva ikaamua kama anaruhusiwa kuiona leja.

Faida ya kuzijua hatua hizi ni kwamba kila moja ina namna yake ya kushindwa. Njia ikikatika, programu husubiri muda mrefu kisha hukata tamaa, au husema kwamba jina la seva halipatikani. Mlango ukifungwa, jibu la kukataliwa huweza kuja mara moja. Nywila ikikosewa, seva hueleza waziwazi kwamba mtumiaji hakutambuliwa. Ujumbe unaotaja cheti, tarehe, jina lisilolingana au mtoaji asiyejulikana hutoka katika hatua ya tatu peke yake. Karani anayebadilisha nywila yake mara nne ilhali tatizo ni cheti anapoteza asubuhi bure, na huenda akaifungia akaunti yake mwenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuandika ujumbe wa kosa katika daftari, neno kwa neno, kama ulivyo kiooni, pamoja na saa ulipotokea. Wengi huufunga kabla ya kuusoma, kisha humwambia fundi kwamba “mfumo umegoma”. Kwa taarifa hiyo fundi hana la kufanya ila kuja mwenyewe, na fundi anayetoka Arusha kwenda Loliondo huweza kuimaliza siku nzima barabarani.

Saa ya kompyuta

Cheti cha seva huwa na tarehe mbili: ya kuanza kutumika na ya mwisho. Programu hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta ya karani. Saa hiyo ikidanganya, cheti kizuri kabisa huonekana ama kimekwisha muda ama hakijaanza kutumika.

Ndani ya kompyuta nyingi za mezani mna betri ndogo mviringo, ya ukubwa wa sarafu, ambayo huiendesha saa wakati umeme umezimwa. Betri hiyo hudumu miaka kadhaa kisha hufa. Mahali ambapo umeme hukatika, au ofisi hutegemea nishati ya jua na kompyuta huzimwa kabisa kila jioni, kufa kwake hujitokeza upesi: asubuhi kompyuta huamka ikidhani kwamba ni mwaka ule iliotengenezwa. Hapo kila cheti kitaonekana ni cha wakati ujao, na kila muunganisho salama utakataliwa. Dawa ni kuirekebisha tarehe, kisha kununua betri mpya. Ni kitu cha bei ndogo, na chama kilicho mbali na mji kingefaa kuwa nayo moja ya akiba katika droo.

Kuna na kosa jingine linalotokana na lugha yetu wenyewe. Karani akiambiwa kwamba ni saa nne asubuhi, huweza kuandika 4:00 katika kompyuta, ilhali kwa hesabu ya kompyuta saa hiyo ni 10:00. Saa inakuwa nyuma kwa saa sita. Cheti chenye uhai wa miezi hakitadhurika kwa hilo, isipokuwa kama kimetolewa siku hiyohiyo. Lakini zile namba za siri za tarakimu sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 zitakataliwa daima, na miamala inayopata wakati wake kutoka kompyuta hiyo itaandikwa kwa saa isiyo yake, jambo ambalo mkaguzi wa COASCO atakuwa na haki ya kuliuliza. Afadhali kompyuta iachwe ijisahihishe kwa mtandao, kwa majira ya Afrika Mashariki, ambayo yako saa tatu mbele ya saa ya dunia.

Cheti kilichokwisha, na kompyuta iliyozeeka

Saa ikiwa sahihi na bado ujumbe unasema cheti kimekwisha muda, basi huenda kimekwisha kweli. Hilo ni la mwenye seva, na karani hana uwezo wa kulitengeneza kutoka Karatu. Ipo sababu ya kutarajia kwamba kosa hili litaonekana zaidi pale ambapo vyeti bado vinabadilishwa kwa mkono. Mwezi Aprili 2025 watoaji wa vyeti vya hadhara na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana kuupunguza uhai wa cheti kutoka siku 398 hadi siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, kisha siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Chama kinachoingia mkataba na mwenye programu kingeuliza swali moja tu: je, vyeti vyenu hujihuisha vyenyewe, au hungoja mtu akumbuke?

Mara nyingine cheti cha seva ni kizima ila kompyuta ya chama haimjui aliyekitoa. Kila kompyuta hutunza orodha ya vyeti mama, yaani vya watoaji inaowaamini. Orodha hiyo huzeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichotumiwa na Let's Encrypt, mtoaji mkubwa wa vyeti vya bure, kilifika mwisho wake, na vifaa vingi vya zamani katika nchi mbalimbali vilianza kuzikataa seva ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kompyuta iliyopokelewa kama msaada miaka mingi iliyopita, ikiwa na Windows 7 ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, imo katika hatari hiyo. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 2025. Zaidi ya hayo, taratibu za kale za kusimba, TLS 1.0 ya mwaka 1999 na TLS 1.1 ya mwaka 2006, zilitangazwa rasmi Machi 2021 kuwa hazifai tena. Seva iliyotunzwa vizuri huzikataa, na kompyuta isiyojua nyingine hubaki nje. Hapa hakuna ujanja ila kuiongezea kompyuta matoleo mapya, au kuistaafisha.

Mtandao wa kuazima

Karatu ni mji wa njia ya watalii, na nyumba za wageni zenye mtandao wa bure ni nyingi. Si ajabu karani ambaye mtandao wa ofisi umekatika akavuka barabara na kompyuta mkononi. Mitandao ya namna hiyo mara nyingi humsimamisha mgeni mlangoni kwa ukurasa wa kujiandikisha. Mpaka ajiandikishe, maombi yake huweza kuelekezwa kwingine, na programu ya chama ikapewa cheti chenye jina la mtu mwingine. Ndipo ujumbe husema kwamba jina la seva halilingani na jina lililo ndani ya cheti.

Mara nyingi jambo hilo halina ubaya wowote. Hata hivyo, mtu mwovu aliyejiweka katikati ili kusoma nywila za chama angeleta ujumbe uleule, na karani aliye mbele ya kioo hana njia ya kuwatofautisha. Ndiyo maana ujumbe wa jina lisilolingana haupaswi kupuuzwa kamwe.

Kipimo chepesi cha kujua tatizo liko wapi ni hiki. Kompyuta ileile iunganishwe kwa simu ya mkononi badala ya mtandao wa ofisi. Ikifanya kazi, ubaya uko katika mtandao. Isipofanya, kompyuta nyingine ijaribiwe kwenye mtandao uleule. Ya pili ikifanya kazi, ubaya uko katika kompyuta ya kwanza, na saa yake iwe ya kwanza kutazamwa. Zote zikikataa kwa ujumbe mmoja, hapo apigiwe simu mwenye seva.

Kosa ambalo halipaswi kutendwa

Karibu kila programu ina mahali pa kuuzima ukaguzi wa cheti. Mtu huizima, programu hufunguka, foleni husogea, na kila mtu hushukuru. Kilichotokea ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu amemzuia mtu asiyemfahamu. Mazungumzo huenda bado yanasimbwa, lakini programu haijui tena inazungumza na nani. Inaweza kuwa inampa mwizi nywila kwa siri iliyolindwa vizuri.

Mafundi wanaoandaa programu za vyama wanajua, au wangepaswa kujua, kwamba hatari hii huweza kuwapo bila ujumbe wowote wa kosa. Katika PostgreSQL programu huanza kwa kuuliza kama seva inakubali kusimba, na seva hujibu kwa herufi moja tu, S au N. Mpangilio wa kuanzia, uitwao “prefer”, ukipata N huendelea mbele bila kusimba na bila kumwambia mtu. Mpangilio wa “require” hulazimisha kusimba, ila kwa wenyewe hauhakiki jina la seva. Unaohakiki mtoaji wa cheti na jina pia ni “verify-full”. Kwa MySQL ni “VERIFY_IDENTITY”. Meneja hahitaji kuyaelewa majina haya. Anahitaji kumwuliza fundi ni lipi limetumika, na jibu liandikwe.

Swali hilo lina uzito wa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Majina, namba za simu, akiba na madeni ya wanachama ni taarifa za namna hiyo. Na kabla ya sheria hiyo kulikuwa na historia: Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilitaja, kati ya kasoro kubwa, upungufu wa watumishi wenye ujuzi na wanachama wasioelewa mambo ya chama chao. Leja iliyo katika seva ya mbali haimwondolei mwanachama haki ya kujua inalindwaje.

Wakati muunganisho haujarudi

Kazi isisimame. Kitabu cha stakabadhi chenye namba zinazofuatana kitumike, kila mzigo na kila shilingi iandikwe, na mwanachama apewe nakala yake. Muunganisho ukirudi, maingizo yapelekwe kwa kufuata namba hizo, karani mmoja akisoma na mwingine akiandika.

Uangalifu uwepo kwa muamala uliokuwa njiani muunganisho ulipokatika. Kanzidata nzuri hukubali muamala wote au huukataa wote, haiachi nusu. Lakini huenda ilikuwa imekwisha kuukubali, na jibu ndilo lililopotea njiani. Karani akiuandika tena kwa kudhani haukufika, mwanachama atakatwa deni mara mbili au atalipwa mara mbili. Kwa hiyo muamala wa mwisho utafutwe kwanza kwa namba ya stakabadhi yake. Ukiwamo, usiguswe. Usipokuwamo, uandikwe, na pembeni mwa stakabadhi iwekwe tarehe na saa ya kuandikwa upya pamoja na saini ya karani.