PHILIP SCHAFF, MWALIMU WA HISTORIA YA KANISA

Masomo: Mathayo 13:31-32, Yohana 17:20-23, 1 Wakorintho 12:12-27.

Wako Wakristo wadhanio ya kuwa Kanisa lilikufa baada ya mitume, likalala kaburini hata siku za Martin Luther. Afikiriye hivyo huona miaka zaidi ya elfu kuwa haina faida kwake. Katika somo hili twataka kutazama maisha ya mwalimu aliyeyapinga mawazo hayo, akashitakiwa kwa ajili yake.

1. Malezi yake.

Philip Schaff alizaliwa katika mji wa Chur, nchi ya Uswisi, tarehe 1 Januari 1819. Jamaa yake walikuwa maskini, na baba yake alikufa mtoto angali mchanga. Walakini watu wema walimsaidia, akapelekwa shuleni Ujerumani, kisha akasoma katika vyuo vikuu vya Tübingen, Halle na Berlin. Huko Berlin alifundishwa na August Neander, aliyezaliwa Myahudi akabatizwa mwaka 1806. Neander alieleza historia ya Kanisa kuwa ni habari ya uzima wa Kristo ndani ya watu wake katika kila kizazi. Neno hilo likatia mizizi moyoni mwa Schaff.

2. Kuitwa ng'ambo.

Wajerumani wengi walikuwa wamehamia Marekani, na wale waliofuata mafundisho ya Zwingli na Calvin walikuwa na chuo kidogo cha wachungaji huko Mercersburg, katika jimbo la Pennsylvania. Wakamwita Schaff awe mwalimu, naye akafika mwaka 1844, umri wake miaka 25.

Alifika wakati wa uchungu. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, katika mji wa Philadelphia, Waprotestanti walipigana na Wakatoliki waliotoka Ireland, na makanisa mawili ya Wakatoliki yakateketezwa kwa moto. Watu walikuwa wakitazamia ya kwamba mwalimu mpya atawapa silaha za kupigana na Roma.

3. Mashtaka.

Mwezi wa Oktoba 1844, katika mji wa Reading, Schaff alitoa hotuba yake ya kwanza juu ya asili ya Uprotestanti. Alisema ya kuwa Matengenezo ya Kanisa yalikuwa kazi ya Mungu; walakini hayakuanguka kutoka mbinguni kama jiwe. Yalizaliwa na yale yaliyokuwa mema katika Kanisa la zamani. Tena aliwaonya Waprotestanti juu ya adui wawili waliokuwa nyumbani mwao wenyewe: kuitegemea akili kuliko Neno la Mungu, na kugawanyika katika madhehebu yasiyo na mwisho. Alitumaini ya kuwa Kanisa lililofanana na Petro, na lile lililofanana na Paulo, siku moja yatakutana katika upendo wa Yohana.

Wengine wakakasirika, wakamshitaki kwa uzushi wa kuwavuta watu waende Roma. Katika Oktoba 1845 sinodi ilikutana katika mji wa York, ikamsikiliza, na wajumbe walio wengi sana wakamwona hana hatia. Hakuyakana maneno yake, wala hakuwaacha ndugu zake. Alirudi Mercersburg, akaendelea kufundisha pamoja na mwenzake, John Williamson Nevin.

4. Kazi yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika karibu, baada ya mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, majengo ya chuo yakawa hospitali ya majeruhi. Schaff akahamia New York, na tangu mwaka 1870 akafundisha katika chuo cha Union. Historia yake ya Kanisa ilianza kutolewa mwaka 1858, naye akaishughulikia karibu mpaka kufa kwake. Sehemu ya tano ilimalizwa na mwanawe David. Mwaka 1877 alitoa vitabu vitatu vya maungamo ya imani. Humo aliweka maungamo ya Wagiriki, ya Roma na ya Waprotestanti, pamoja na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 na Katekisimo Ndogo ya Luther, ili kila kundi lisikiwe kwa maneno yake lenyewe. Tena alikuwa mkuu wa wataalamu wa Marekani walioshiriki kuisahihisha Biblia ya Kiingereza. Mwaka 1888 alianzisha chama cha wachunguzi wa historia ya Kanisa.

Katika Septemba 1893, ingawa alikuwa dhaifu, alikwenda Chicago kwenye mkutano mkubwa wa dini. Hotuba yake juu ya umoja wa Wakristo ilisomwa na mtu mwingine. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo akafariki.

5. Tujifunze nini?

Tukiwafundisha vijana Imani ya Mitume, tunawapa urithi uliotunzwa kabla ya Luther kuzaliwa. Naye Luther aliupokea, hakuutupa. Basi anayedharau shina hawezi kulisifu tunda. Tena tuone ya kwamba ni rahisi kusema makosa ya nyumba ya jirani. Kusema ya nyumba yetu kunahitaji moyo, na kukaa ndani yake baada ya kuyasema kunahitaji upendo.

Maswali:
1. Kwa nini hotuba ya Schaff iliwachukiza watu wa wakati ule?
2. Mfano wa mbegu ya haradali unatufundisha nini juu ya miaka ya Kanisa?
3. Tunapozungumza juu ya Wakristo wa kanisa lingine, je, wao wenyewe wangekubali ya kuwa tumesema kweli?