Jua la Saa Nne: Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Jicho Langu

Nilikuwa napiga picha za harusi mjini Unguja, na wateja hawakukosekana. Ila picha zile zingeweza kuwa za mpiga picha yeyote. Picha ambayo mtu akiiona atasema "hii ni ya fulani", niliipata kijijini Paje, kwa kinamama wanaolima mwani.

1. Nuru ya mahali ndiyo nuru yako.
Wanaofundisha upigaji picha husisitiza alfajiri na magharibi, jua likiwa laini. Kwenye mwani haiwezekani. Mashamba hufikika vizuri wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na kwenye pwani yetu maji ya bamvua hupwa karibu saa nne asubuhi. Saa hiyo jua limeshawaka na mchanga unaumiza macho. Kamera ikikutana na weupe mwingi hudhani nuru imezidi, huipunguza, na mchanga hutoka wa kijivu. Nikawa naiongezea nuru makusudi, stopu moja na nusu, hata mbili, mpaka bahari na mbingu zikashikana kuwa karatasi tupu, na mama aliyeinama na kanga yake iliyolowa akaonekana juu yake kama herufi. Nilipoiona picha ile nilijua ni yangu.

2. Uhaba haumzuii msanii.
Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga picha uani kwa nuru ya jua, na nyuma ya mteja akatundika shuka la kitanda chake. Samuel Fosso alikuwa na umri wa miaka 13 tu alipofungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975. Filamu iliyobaki baada ya wateja kuondoka aliimalizia kwa kujipiga mwenyewe, na picha hizo ndizo zilizomtangaza duniani. Kila nikitamani lenzi ya bei kubwa, huwakumbuka hao wawili.

3. Rudi pale pale, tena na tena.
Mwanzoni kinamama walikuwa wakiniona wanajiweka sawa na kutabasamu. Baadaye wakanizoea. Siku moja bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, leo weka hiyo kamera, shika kamba." Nikashika. Mche wa mwani hufungwa kwenye kamba kwa taitai, yaani kijikamba chembamba, na kitanzi huachwa na nafasi kidogo, maana kikikazwa sana mche hukatika. Ulegevu ule wa kitanzi sikuwahi kuuona kwenye lenzi mpaka nilipokifunga kwa vidole vyangu. Tangu hapo napiga mikono zaidi kuliko sura. Napiga pia vigingi vya mashamba visivyo na kamba, kwa sababu maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto, mwani mnene hufa, na wengine wameacha kilimo hiki. Hilo nalo lazima lionekane.

4. Picha nzuri isiyo yako, iweke kando.
Majahazi jua likizama, milango ya Mji Mkongwe: nimeyatoa yote kwenye kazi ninazoonyesha. Inauma, lakini yanapigwa na kila mtu.

5. Chapisha.
Picha iliyokaa kwenye simu haijamaliza safari. Nikichapisha kubwa kwenye karatasi ndipo naona weupe uliozidi na mkono uliokatwa vibaya. Na aliyepigwa ana haki ya nakala. Kwa hiyo wewe unayepiga watu picha kwa ajili ya sanaa, kabla hujaitundika kwenye maonyesho, mpelekee aliyepigwa nakala yake nyumbani kwake.