Theluji Juu ya Paneli za Sola: Angalia Unaposimama

Baadhi yetu hapa Minnesota sasa tunaishi kwenye nyumba zenye paneli za sola juu ya paa. Bili ya umeme inapungua, tunashukuru. Lakini leo tuzungumzie theluji inayokaa juu ya paneli hizo, maana inaweza kumuua mtu.

Paa la kawaida la huku limefunikwa vigae vyenye uso wa mchangamchanga, hivyo theluji hung'ang'ania na kuyeyuka polepole. Paneli ni kioo, haishiki kitu. Dhoruba ikishapita na jua likatoka, kioo hicho cheusi hupata joto, maji kidogo hujitengeneza chini ya theluji, na mzigo mzima huteleza kwa mara moja. Kwa hiyo siku ya kuogopa si ile ya dhoruba. Ni ile inayofuata, anga ni buluu na watoto wametoka kucheza.

Piga hesabu. Paneli moja ina ukubwa wa karibu mita 1.7 kwa mita 1. Paneli 10 zenye sentimita 20 za theluji yenye unyevu, ambayo mita moja ya ujazo ina kilo 200 hivi, zimebeba kilo 680. Hayo ni zaidi ya magunia 7 ya mahindi ya kilo 90 yanayokuporomokea kutoka juu ya paa! Mzigo huo unaweza kuvunja shingo, na mtoto anaweza kufukiwa akakosa hewa.

Basi toka nje leo, uangalie chini ya paneli zako pana nini. Ni mlango? Njia ya kwenda kwenye gari? Mahali wanapojenga mtu wa theluji? Hamisha njia, weka kamba au viti vya kuzuia watu, na kumbuka kwamba theluji haianguki wima, huruka mbele ya ukingo wa paa. Bibi aliyekuja kutembelea wajukuu aelezwe pia, kwani hawezi kujua jambo hili. Kama umepanga, mwombe mwenye nyumba aweke vizuizi vya theluji chini ya paneli.

Akina baba, msipande. Najua nyumbani tumezoea kupanda kwenye bati kufuta vumbi kwenye sola, lakini ngazi yenye barafu ni kitu kingine kabisa. Siku za baridi ni fupi na jua liko chini, kwa hiyo umeme unaoupoteza ukisubiri theluji iteleze yenyewe ni mdogo. Ukishindwa kusubiri, tumia reki ndefu yenye kichwa cha sponji, ukisimama ardhini, pembeni na mbali na nyaya za umeme. Usimwagie maji ya moto, kioo kinaweza kupasuka, na paneli iliyopasuka huendelea kutoa umeme mchana.

Mtu akifukiwa, kwanza tazama juu, kwani upande mwingine wa paa unaweza kuwa bado haujaporomoka. Mmoja apige 911, mwingine achimbe. Anza na uso: toa theluji mdomoni na puani, kisha fungua kifua ili apumue. Dakika chache za mwanzo ndizo zenye maana. Akipumua vizuri, usimvute wala kumgeuza shingo mpaka wahudumu wafike. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua kama ulivyofundishwa.

Theluji iliyoporomoka hushindiliwa ikawa nzito kama udongo. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asiishike koleo kabisa. Baridi hubana mishipa na moyo hulemewa. Maumivu ya kifua, jasho la ghafla au kukosa pumzi ni 911, si chai ya tangawizi.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni bomba la kutolea moshi la mtambo wa kupasha nyumba joto, ambalo mara nyingi hutokea ukutani, chini kabisa. Likizibwa na theluji hiyo, gesi ya kaboni monoksidi hurudi ndani. Haina harufu. Mkiona nyumba nzima inaumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo si mafua. Tokeni wote, pigeni 911 mkiwa nje, na msirudi kuchukua hata makoti. King'ora cha gesi hiyo kiwe karibu na vyumba vya kulala. Kijaribu usiku huu kabla hujalala.