Walinzi Watatu Wanatosha

Mhariri ameniomba niandike somo. Kwa kuwa wenzangu wameshanyakua ngeli na methali, mimi nitafundisha kandanda ya kwenye skrini. Na kabla mwalimu wa zamu hajaniita ofisini, niseme mapema kwamba kibanda cha gemu mimi huenda Jumamosi tu, tena bila sare ya shule.

Sheria ya kibandani kwetu ni moja: anayefungwa analipa shilingi 20 na kuinuka, anayeshinda anabaki na padi. Sisi wa shule ya kutwa tunajua uzito wa shilingi 20. Ndiyo chai na mandazi ya saa nne, au ndiyo inayopungua kwenye nauli siku mvua inaponyesha. Bao la kizembe basi linaweza kukurudisha nyumbani kwa miguu. Isitoshe, wanaofika mapema huchukua timu zenye majina makubwa, na anayechelewa huachiwa timu ya wastani. Hapo ndipo walinzi watatu wanapomfaa mtu. Unapunguza beki mmoja nyuma, unapata kiungo wa ziada katikati, na mwenye nyota wengi anakosa mpira wa kuwapa.

Wengi wakisikia “watatu nyuma” hucheka, ati pembeni ni wazi kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Ni kweli, pembeni pako wazi. Lakini hebu jiulize, pale ni kazi ya nani? Nimetazama mechi nyingi za wenzangu wakifungwa kwa mfumo huu, na aghalabu walinzi hawakuwa wachache. Ile nafasi ya pembeni ndiyo haikuwa na mwenyewe.

Nitatumia FIFA 23, toleo la mwaka wa 2022, maana ndilo linalochezwa kibandani kwetu. Tangu 2023 mchezo huu unaitwa EA Sports FC, na kuanzia FC 25 maagizo ya wachezaji yamepangwa kwa njia nyingine, ila hoja haibadiliki.

Chagua 3-5-2. Utapata walinzi watatu wa kati, nambari sita wawili, viungo wawili wa pembeni, kiungo mshambuliaji mmoja na washambuliaji wawili. Ukicheza hivyo hivyo bila kugusa kitu, viungo wa pembeni hurudi nusu ya safari, kisha husimama kutazama kama mashabiki. Ingia kwenye menyu ya mbinu, fungua maagizo ya kila mchezaji, uwaambie hao wawili warudi nyuma kulinda. Sasa mkipoteza mpira mnakuwa watano nyuma, na mkiupata mnabaki watatu. Nambari sita wote wawili waagize wabaki nyuma mnaposhambulia. Mmoja afunike katikati. Mwingine, yule wa upande wa winga wao hatari, afunike pembeni. Kina cha timu, ambacho huenda kutoka 1 hadi 100, mimi hukiweka karibu na 40, kwa sababu watatu wakisimama juu sana pasi moja ndefu inatosha kuwamaliza.

Viungo wa pembeni wachague kwa pumzi kwanza, mbio baadaye. Wanapanda na kushuka mechi nzima, na ikifika dakika ya 65 utaona wamechoka. Weka wawili wa akiba kwa ajili yao tu.

Kuhusu wale watatu wenyewe, vijana wengi hupanga majitu matatu. Mimi naona jitu la kupiga vichwa liwe moja, katikati, na wa kando wawe wepesi, hata kama kwa asili ni mabeki wa pembeni. Hili silitungi. Tarehe 24 Septemba 2016 Chelsea ilifungwa 3-0 na Arsenal, na katika kipindi cha pili cha mechi hiyo kocha Antonio Conte akageukia walinzi watatu. Waliofuata kuanza pamoja walikuwa David Luiz katikati, Gary Cahill kushoto, na kulia César Azpilicueta, ambaye ni beki wa pembeni. Pembeni kabisa alimweka Victor Moses, winga aliyefundishwa kurudi, na Marcos Alonso. Mbele ya walinzi walikuwa N'Golo Kanté na Nemanja Matić. Chelsea ilishinda mechi 13 za ligi mfululizo, na katika 6 za kwanza haikufungwa hata bao moja. Msimu ukaisha ikiwa bingwa kwa pointi 93.

Sasa nije kwenye kidole gumba, maana humo ndimo mabao yanamoingilia. Winga wao akitoroka na mpira, mkono wako unawashwa. Unabonyeza L1, unamshika beki wa kando, unakanyaga R2, mbio! Beki anatoka, nyuma yake kunabaki shimo, pasi ya ndani, bao, toa shilingi 20. Wanne wakitokwa na mmoja wanabaki watatu, lakini watatu wakitokwa na mmoja wamebaki wawili na lango zima. Kwa hivyo beki mwache. Kwa kijiti cha kulia mchukue kiungo wa pembeni au nambari sita aliye karibu, shikilia L2 utembee kiubavu, uzibe njia ya ndani. Winga akitaka kwenda kwenye kibendera, mwache aende salama. Atapiga krosi, na pale katikati una watatu wanaomsubiri. R1 nayo ina hila yake: humwita mwenzako amsogelee mwenye mpira, na karibu na lango mara nyingi anayeitika ni beki yule yule uliyetaka abaki. Iwekee nusu ya wapinzani.

Kuna timu moja ambayo sikushauri uikabili hivi, nayo ni ile ya 4-3-3 yenye mbio mbele kote. Hapo ni watatu kwa watatu, na kosa moja halina wa kulifuta. Anza na 5-3-2 tangu mwanzo, wachezaji wale wale. Lakini mpinzani akiwa na mshambuliaji mmoja tu, watatu wanamzidi mno. Mruhusu beki wa kulia apande na mpira hadi mstari wa katikati. Hakuna atakayemfuata, na kiungo wa pembeni wa upande wa kushoto atakuwa peke yake akingoja pasi.